Mfuko wa Kifuani

Kazuyo alipasua mdomo wa pakiti, akampa mumewe maji ya haidrojeni pale pale kwenye viti vya kusubiria.

"Kunywa haraka, baba. Gesi ikitoka hairudi."

Shigenobu aliyameza kwa pumzi moja. Tangu aokote vifusi kwenye kinu cha nyuklia kilicholipuka, fizi zake zilivuja damu na nywele zilibaki kwenye mto. Leo walikuja na tumaini: Daktari Nemoto alikuwa akitafuta wagonjwa wa kuvutishwa gesi yenyewe. Panya waliopigwa mionzi, gesi hiyo iliwasaidia. Kwa watu hakuna aliyejua bado, na Kazuyo hakudai zaidi ya hapo.

Chumbani mwake, daktari alipekua kitabu cha mionzi cha Shigenobu, kinachoandikwa vipimo vyake vya kazini, hadi mwisho, kisha akarudi ukurasa wa kwanza.

"Bwana Sugaya, damu yako inasema umekula mionzi mingi. Kitabu kinasema umekula kidogo kuliko mpiga eksrei wetu. Majaribio yanapokea tu wale ambao vitabu vyao vimeandikwa mionzi mingi."

"Basi beji ya kupimia mionzi aliyovaa kazini ilikosea," Kazuyo alidakia.

Shigenobu alitazama viatu vyake. "Haikukosea. Tuliifunika."

"Mliifunika kwa nini?"

"Ikifika kikomo, kazi huna. Msimamizi alitugawia mabamba ya risasi, madini mazito, mionzi haiyapenyi."

Kazuyo alimgeukia mumewe. Bamba lile alilijua. Mumewe alimletea jioni moja, akamwambia ni la kukinga moyo, naye akalishonea mfuko kifuani pa nguo ya kazi kwa uzi maradufu, tena akiisifu kampuni kwamba angalau ina utu. Moyo gani? Beji ilikaa nyuma ya bamba; kilichokingwa ni tarakimu za kitabuni, na mkono uliozikinga ni wake.

"Kumbe ulinishonesha sanda," alisema.

"Ningekwambia, usingeshona."

"Ndiyo. Nisingeshona."

Daktari alikifunga kitabu. Alionekana kuona aibu. "Pole, mama. Kampuni ndiyo inayokijaza. Mimi siruhusiwi kubadili hata nukta."

Kazuyo alikivuta kitabu, akachukua kalamu ya daktari. Chini ya tarakimu akaandika: *Hiki ni kipimo cha bamba la risasi, si cha mume wangu. Mfuko nilishona mimi, Sugaya Kazuyo.*

"Mama, umekiharibu," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hakitapokelewa popote."

"Kilipokuwa safi," Kazuyo aliuliza, "kilipokelewa wapi?"