Kikombe Juu ya Kibodi

Haya, wewe uliyeketi hapo, nitegulie hiki: ana meno mia na hatafuni, ukimbonyeza jino hapa, herufi inatokea kwingine. Ni nani? Usinipe mji, sina pa kuuweka. Ni kibodi ya kompyuta, na mwaka wa tisini na saba nusura imkoseshe mjukuu wangu kazi na jina.

Mjukuu mwenyewe ni Mwongeli. Alikuwa anapiga chapa kwa Bwana Wekulo pale Dandora, chumba kimoja, kompyuta moja, mwezi wa majaribio. Kwa furaha nikamfumia kitambaa cheupe chenye pindo la kijani, akaifunika kibodi nacho. Kwetu kitu cha maana hakikai uchi. Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, hata mtungi wa maji.

Jumatano moja saa saba mchana nikapita hapo nikitoka sokoni, nikakuta kelele. Chai ya maziwa inachuruzika mezani, kitambaa changu kimelowa chapachapa, na Wekulo anamfokea msichana mbele ya wateja.

"Mzembe! Nani alikuambia chai inanywewa kwenye mashine? Kesho usije!"

Mwongeli alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa choo cha ploti mkononi. "Mzee, mimi nilikuwa nje..."

"Nyamaza!"

Damu ikanipanda. Jumatano kwaya yetu yote, mimi na Mwongeli tukiwemo, hufunga mpaka jioni. Mwongeli hakuwa ameonja hata maji. Nikaokota kikombe kilichopinduka mezani, kikubwa, cha bati.

"Wekulo, hiki ni cha nani?"

Akageuka upande. "Mama, haya ya kompyuta huyajui. Na kitambaa chako ndicho kimeleta balaa. Mtu anadhani ni meza! Nani anavalisha mashine nguo?"

"Nimeuliza kikombe. Sijauliza nguo."

Wekulo akaanza kubonyeza vitufe ovyo, eti aone kama vinafanya kazi. Mwongeli akamwondoa mkono, akazima stima ukutani, akachomoa waya wa kibodi na kuipindua juu ya karai. Chai ikamwagika na makombo ya mandazi ya mwaka mzima.

"Sukari hiyo ikikauka itagandisha kila kitu," Mwongeli akasema. "Wacha nikaioshe nyumbani."

"Chukua," Wekulo akasema. "Hiyo imekufa."

Nyumbani Mwongeli alichora mpangilio wa vitufe kwenye karatasi, ndipo tukaving'oa kimoja kimoja kwa mpini wa kijiko. Mimi nikaviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Yeye akasafisha ndani kwa njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba, akichovya kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Tukavianika kwenye uteo, kivulini, maana jua lingekunja plastiki. Siku mbili nzima. Kila kitufe nilichosugua nilikuwa nauona uso wa Wekulo, nikazidi kusugua.

Wakati wa kuvirudisha nikaanza na A, B, C, kama tulivyoimba darasa la pili. Mwongeli akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. "Susu," ndivyo aniitavyo bibi yake, "Q ndiyo inaanza."

"Bibi yako hakujua. Aliyezipanga hivyo alikuwa amelewa."

Jumamosi asubuhi tukarudi. Wateja walikuwa wamejaa, Wekulo jasho linamtoka, kibodi nyingine hana. Mwongeli akachomeka waya, akawasha mashine, akaandika jina lake. Herufi zote zikatokea.

Wekulo akatabasamu meno yote. "Basi kaa, binti yangu, tufanye kazi. Yale yameisha."

"Hayajaisha." Nikachomoa waya, nikaikumbatia kibodi kifuani. "Ulimwita mzembe mbele za watu. Jana kwenye maombi Mama Mideva wa kwayani aliniuliza kama ni kweli mjukuu wangu humwaga chai kwenye mali ya wenyewe. Sasa nani atamwajiri huyu?"

"Mama, tafadhali, wateja wanangoja."

"Na mimi nangoja tangu Jumatano. Kikombe kilikuwa cha nani?"

"Si umjibu tu, buda," kijana mmoja akasema kutoka nyuma. "Tunachelewa."

Wekulo akanitazama, akaitazama kibodi, akawatazama watu. Akajifuta shingo kwa leso.

"Kilikuwa changu," akasema. "Nilikiweka mimi juu ya kitambaa. Mwongeli hakuwa hapa."