Mrija wa Mzee wa Kanisa

Mzee wa kanisa Mirumbe alikuwa amehubiri mara nyingi, huko kwao Kehancha, kwamba hata kunusa pombe ni dhambi. Mdomo huponza kichwa. Leo alikuwa Uriri kumposea mwanawe Sammy msichana aitwaye Dorine, na baba wa Dorine, Mzee Jacktone, alikuwa ameweka chungu katikati ya sebule, mirija mirefu, kama ile ya kunywea pombe, imechomoza. Katika boma hilo wakwe hawazungumzi kabla ya kunywa chungu kimoja. Anayekataa mrija amekataa undugu.

Kaka mkubwa wa Mirumbe, Boaz, ndiye aliyestahili kuisemea familia. Lakini Boaz hunywa bakuli lake la pombe ya busaa Jumamosi jioni, kisha hulala bila kumtukana mtu, na Mirumbe aliona aibu kuja naye. Alimwacha nyumbani, akamwambia kwamba kwa wakwe atasema kaka ni mgonjwa, na ndivyo alivyosema.

Sasa mrija uko mkononi. Akikataa, Sammy anamkosa Dorine. Akinywa, Jumapili atasimama mimbarani na uso gani? Akajiona mwerevu: badala ya kuvuta, atapuliza kidogo, huku akishusha koo kama anayemeza. Akabana pua asije akanusa, akapuliza. Loo! Mapafu yake ni yale ya kuongoza nyimbo bila kipaza sauti. Chungu kilitokota, kikafoka, kikamlowesha Jacktone shati zima.

Sammy akainamisha kichwa.

"Mzee," Jacktone akasema akijifuta, "kwani uji yetu ni mbaya?"

"Uji?"

"Uji ya wimbi. Tuliskia wewe umeokoka. Sisi tunakunywa, lakini tukasema leo hapana, tusikwaze mkwe. Chungu ya pombe tumeficha jikoni."

Mirumbe alitamani ardhi immeze, yeye na mimbari yake. Lile andiko la kutomkwaza ndugu alikuwa amelifanya fimbo ya kuwachapia wanywaji miaka yote, na wanywaji ndio waliolitimiza. Aliona haya mpaka masikioni. Kisha akajicheka, akavuta uji mpaka mrija ukalia.

"Toeni chungu chenu jikoni," akasema. "Mimi nitabaki na uji wangu. Ila niruhusuni nipige simu."

Boaz alipokea upesi.

"Kaka, panda pikipiki uje Uriri. Tunakungoja wewe utusemee."

"Kwani nimeshapona?"

"Umepona, kaka. Mgonjwa nilikuwa mimi."