Mashua Zimekwama Clonturra

Truphena alikuwa ameuchoka mfereji ule hata kabla hawajatoka Riyadh. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi, na katika nyumba ya wafanyakazi pale mtaa wa Shumaisi aliishi na Noreen, muuguzi mwenzake kutoka Ireland, mwanamke mwema asiyejua kunyamaza. Kila kikombe cha chai kilikuja na kijiji chao, Clonturra: mfereji uliochimbwa kwa sururu, farasi waliotembea ukingoni wakivuta mashua za mizigo, malori yaliyokuja yakaiua biashara yote, na baba yake, Mzee Fintan, mlinzi wa mwisho wa lango la maji.

"Mashua inaingia kati ya malango mawili," Noreen alieleza tena na tena. "Maji yanajazwa, nayo inapanda kama iko kwenye lifti."

"Nimeelewa, Noreen. Imepanda."

Jumamosi moja ya mwaka 2014 walisafiri kwenda Jeddah. Noreen alitaka bahari. Truphena alitaka kumwona Beldina, binti wa mamake mdogo, aliyekuwa mfanyakazi wa ndani huko mtaa wa Ruwais. Tangu afike nchini, madam wake hakuwahi kumruhusu kutoka. Sasa alikuwa amekubali mara moja tu: dereva angemshusha mtaa wa Sharafiya baada ya adhuhuri na kumchukua alasiri.

Walikutana mkahawani, upande wa familia, ndiko wanawake huketi. Wakakumbatiana, wakafutana machozi, wakaagiza samaki. Beldina ndiyo kwanza afungue mdomo kueleza mambo ya nyumba ile, simu ya Noreen ikalia.

Ilikuwa kamati ya kijiji. Leo ni sikukuu ya mfereji, wakasema. Mashua zimejipanga, wageni wamejaa, bendi imechoka kupiga. Na Mzee Fintan amechukua mkono wa chuma unaozungushwa kufungulia maji, ameenda nao nyumbani akajifungia. Kisa? Ubao mpya wa historia ya kijiji umewataja walinzi wote wa lango, ukamruka baba mzazi wa Fintan, ukamweka jirani aliyelishika lango kwa muda tu baba huyo alipovunjika mguu.

Noreen akampigia baba yake. Akabembeleza, akalia, mwishowe akaweka simu katikati ya sahani, sauti juu. Mzee akaanzia mwaka mfereji ulipoganda barafu.

"Anasema nini?" Beldina akauliza.

"Maji," Truphena akajibu. "Ni maji tu, kila siku."

Samaki walipoa. Truphena akaitazama saa ya ukutani, akainyakua simu.

"Mzee, mimi ni Truphena. Naishi na Noreen."

"Aa, Mkenya! Amekusimulia habari za lango?"

"Kila siku! Sasa nisikilize. Niko na dada yangu, zaidi ya mwaka sijamwona. Dereva wa bosi wake yuko njiani, na hatujaongea chochote kwa sababu wewe umepakata chuma. Babako wamemkosea, sawa. Lakini hao walio kwenye mashua wamekufanyia nini?"

"Mwaka mzima kwa nini?" mzee akauliza.

"Haruhusiwi kutoka."

"Nani anamkataza?"

"Mzee!"

Akaguna. "Haya, nitawafungulia. Lakini ule ubao nitaupaka rangi."

"Upake!"

Honi ikalia nje. Dereva alikuwa amewahi. Beldina alimeza matonge mawili akiwa amesimama.

"Kazi ni nyingi lakini watoto wananipenda," alisema haraka. "Hayo mengine..."

Honi tena.

"Mengine gani, Beldina?"

"Nitakuambia kwa simu. Madam akinipa simu."

Akaenda. Noreen akainua uso, anang'aa. "Zinapita, Truphena! Mashua zinapita!"

"Noreen. Nyamaza."

Alinyamaza hadi uwanja wa ndege, kisha akaomba msamaha mara nyingi kiasi kwamba Truphena alitamani arudie habari za farasi.

Kesho yake asubuhi mzee aliupaka ubao rangi ya kijani, wote, na kamati ikaapa kuandika mwingine. Asubuhi hiyo hiyo Truphena alimpigia madam wa Beldina kuomba Jumamosi nyingine.

"Inshallah," madam akasema.

"Inshallah ya lini, madam?"

"Inshallah. Yalla, halas, basi imetosha." Akakata.

Truphena akapiga tena.