Wiki ya Thelathini na Nane

Mkunga alianguka na pikipiki mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na hiyo mara ya pili akachagua mahali pabaya kabisa pa kuangukia: mbele ya geti la zahanati, siku ya Jumanne asubuhi, mvua ikinyunya, Msimamizi akiwa amesimama barazani na kikombe chake cha chai. Hakuumia sana. Goti lilichubuka, kioo cha kushoto kikapinda, na mkoba wa vifaa ukateleza mpaka miguuni pa Msimamizi, utadhani umetumwa.

Msimamizi huyo wafanyakazi walimpa jina la Saini, kwa kuwa hata pamba haikutoka stoo bila saini yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na watu wa utaratibu wana ubaya wao. Alimwokotea mkoba, akamwuliza kama kaumia, akamwingiza ofisini na kumwambia kwa upole kwamba kuanguka mara moja ni ajali, mara mbili ni tabia. Ijumaa akabidhi funguo za pikipiki. Kuanzia wiki inayofuata atatafutwa dereva wa gari, na ziara za nyumbani zitakuwa Jumanne na Alhamisi tu.

Mkunga alisema watoto hawazaliwi kwa ratiba. Saini akajibu kwamba wakunga nao hawaokotwi barabarani, na huyu mmoja aliyenaye anataka abaki na mifupa yake mizima. Mkunga alitoka pale akiwahesabu wanawake wake. Alikuwa na wajawazito kumi na mmoja wanaokaa kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii, watatu kati yao siku zao zimekaribia. Bila pikipiki wangeachiwa bahati zao, na yeye bahati zao alizijua.

Mwingine angelia, au angeomba radhi. Huyu alikuwa na ugonjwa wa kuuliza tangu utotoni, na dawa yake haijapatikana. Pikipiki ile aliiendesha miaka sita, jua na mvua, hakuwahi kuilaza chini. Basi nini kimebadilika? Mikono ni ile ile. Mashimo ya barabarani ni yale yale, anayajua moja moja kama ndugu zake. Kilichobadilika ni tairi la nyuma, lililofungwa miezi miwili nyuma, na hilo ndilo lilimchanganya, kwa sababu tairi lenyewe lilikuwa jipya.

Jipya, tena la bure. Ombi lake la tairi lilikuwa limelala mezani kwa Saini wiki tisa. Baba yake alipoliona lile la zamani limebaki kipara, aliingia chumbani kwake, akatoka na tairi lililofungwa kwa gunia na magazeti, limepakwa poda, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa. Alisema amelinunua juzi tu. Mkunga alilipeleka kwa fundi likafungwa, na ofisini hakumwambia mtu.

Jioni ile ile ya Jumanne aliisukuma pikipiki hadi kwa fundi huyo. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, na mlangoni kulikuwa na karai la maji ya kutafutia pancha na lundo la matairi machakavu lililokuwa refu kuliko mlango. Fundi alilikumbuka tairi. Lilimsumbua kuingia kwenye rimu, akasema, likampindia na chuma cha kufungia. Lakini kuambiwa kwamba lina kasoro alikataa katakata. Alimwonyesha vinyweleo vya mpira vilivyokuwa bado vimesimama pembeni, na mifereji yake yenye kina kizima.

"Tairi hili hata ndevu halijanyoa, nesi," alisema. "Kama kuna mzee hapa, ni mimi."

Kuuliza si ujinga, kwa hiyo Mkunga akauliza umri wa tairi unajulikanaje. Fundi alifurahi, maana hapo ndipo penye elimu yake. Alimpeleka kwenye tairi la mbele, lile lililonunuliwa na ofisi, akamwonyesha kwenye ubavu wake kiduara kirefu chenye umbo la harage, na ndani yake tarakimu nne: 0921. Mwezi wa tisa, akasema, mwaka wa ishirini na moja. Hivyo ndivyo alivyowasomea wateja kwa miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Wakahamia tairi la nyuma. Upande wa kulia kulikuwa na herufi tele, tarakimu hizo hazikuwepo. Fundi alitaka mambo yaishie hapo. Mkunga akazunguka upande wa cheni, akachuchumaa na goti lake bovu, akatoa pamba na spiriti mkobani, akafuta grisi mpaka harage likajitokeza. 3808.

"Mwezi wa thelathini na nane," alisoma.

Fundi alijikuna kichwa. Alisema zikipita kumi na mbili huwa ni namba ya mzigo. Alipoona hilo halijamwingia mtu, akasema labda ni tairi la nchi ambayo mwaka wao ni mrefu.

Mkunga hakumcheka, ingawa alitaka. Alikuwa ameganda na ile thelathini na nane. Kila siku ya Mungu alikuwa akiandika namba za namna hiyo kwenye kadi za kliniki: ishirini na mbili, thelathini na moja, thelathini na nane. Katika kazi yake hakuna anayehesabu miezi. Miezi ni ya majirani na mashangazi. Mkunga huhesabu wiki, na kwa mkunga wiki ya thelathini na nane ni mtoto aliyekwisha kukamilika, anayesubiri kutoka tu.

Alitoa daftari lake la ziara, akaenda kwenye lile lundo, akaanza kusoma. Fundi alidhani amepagawa. Tairi moja 4714, jingine 2219, jingine 0320, 5116, 3112. Mengine alilazimika kuyapindua, akachafuka mpaka kwenye viwiko. Baada ya kumi fundi mwenyewe alishikwa na hamu, akawa anayavuta ya chini na kuyasomea kwa sauti huku Mkunga akiandika. Walifika arobaini na tatu. Tarakimu mbili za mwanzo hazikushuka chini ya 01, na hazikupita 52.

"Mwaka una wiki ngapi, fundi?"

Fundi alikaa juu ya tairi. Alitazama lile la mbele, lile la mwezi wa tisa, ambalo sasa lilikuwa la wiki ya tisa, yaani mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Alianza kuhesabu kimoyomoyo wateja aliowadanganya, akaacha, kwa sababu walikuwa wengi. Kisha akainuka na kufanya jambo lililomfanya Mkunga amheshimu: alikandamiza kucha ya dole gumba kwenye tairi la mbele. Alama ilibaki kidogo, ikarudi. Akakandamiza la nyuma. Ilikuwa kama kukandamiza meza. Akachukua tochi, akamulika ndani ya mifereji, na pale chini, mahali ambapo hakuna anayeangalia, kulikuwa na nyufa nyembamba zimejipanga kama za kisigino cha kiangazi.

"Ng'ombe ndiye asiyezeeka maini," fundi alisema. "Hili uso wa kisichana, maini ya bibi."

Wiki ya thelathini na nane, mwaka elfu mbili na nane. Mkunga alikuwa mwaka wa pili chuoni wakati huo. Ile juzi ya baba yake ilikuwa na miaka kumi na sita.

Alirudi nyumbani akiwa na furaha ya kugundua, na hiyo furaha ikamtoka njiani. Ili abaki na funguo, ilimbidi amwambie Saini kwamba kosa ni la tairi, na aseme limetoka wapi. Na kabla ya Saini ilimbidi amwambie baba, ambaye alikuwa amemdanganya kwamba goti aliligonga kwenye kitanda cha wagonjwa.

Baba yake alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya mabasi kwa miaka thelathini, na alipostaafu alihamishia stoo chumbani. Kuta tatu zilikuwa rafu. Kila kitu kilikuwa ndani ya gunia, au gazeti, au nailoni, na juu yake karatasi yenye mwandiko wake ulionyooka: balbu, bawaba, koki, mashuka, sahani sita. Yeye mwenyewe alilalia shuka lenye kiraka na kula kwenye sahani iliyomeguka ukingo. Ukimwuliza, alikujibu kwamba akiba haiozi. Kitu kisichotumika hakizeeki.

Jumatano mchana Mkunga alimkuta mlangoni mwa chumba hicho, akamwamkia, na kabla hajafungua mdomo mzee akamwuliza tairi linaendaje. Hakusubiri jibu. Alipanda kigoda, akashusha gunia la pili, akalifungua kwa utaratibu bila kukata kamba.

"La mbele hili," alisema. "Nilichukua jozi ya pikipiki za ofisi kampuni ilipokuwa inauza stoo yake. Wewe ulisema ukimaliza chuo utaendesha pikipiki, watu wakacheka. Mimi nikakuwekea."

Mkunga alilipokea. Alitafuta harage ubavuni, akalipata. Lilikuwa pacha wa lile lingine, wiki ile ile, mwaka ule ule. Alijikuta anatamani asingejua kusoma.

"Baba, hebu likandamize kwa kucha."

Mzee alimtazama, kisha akakandamiza. Mtu aliyeshika mipira ya magari miaka thelathini hahitaji kuelezwa anachokihisi. Alikandamiza mahali pengine, na pengine tena. Alilikunja kidogo mbele ya dirisha, akaziona nyufa. Macho yake yakashuka kwenye goti la binti yake.

"Umeanguka."

"Mara mbili."

Aliuliza kama alikuwa amempakia mtu. Hapana. Aliuliza kama ofisini wanajua. Hapo Mkunga alimweleza yote: geti, Saini, Ijumaa, wale wanawake kumi na mmoja. Mzee alikaa kwenye kigoda na tairi mapajani. Mkunga aliumia kumwona hivyo kuliko alivyoumia kwenye lami, na nusura amwambie kwamba ni barabara, ni mvua, ni mwendo wake mwenyewe. Hakumwambia. Mzee alimwagiza tu kwamba siku ya Ijumaa asiseme lolote mpaka yeye afike.

Alifika saa nne kasoro, kwa miguu, tairi begani. Alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vyeusi vya kung'aa ambavyo Mkunga hakuwahi kuviona. Saini alimpa kiti, akakataa kukaa. Alisema yeye ndiye aliyelitoa tairi, binti yake hana kosa la uendeshaji, na akaeleza habari ya wiki kama alivyoelezwa, bila kuongeza chumvi. Saini alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa na adabu. Alilizungusha tairi juu ya meza, akagusa vinyweleo vyake.

"Mzee wangu, namba nimeziona," alisema. "Lakini mimi nina macho. Hiki ni kitu kipya. Hakijatumika hata siku moja. Kimezeekea wapi?"

Mzee alipiga hatua amwonyeshe nyufa. Mguu ulikwenda, soli ya kiatu ikabaki. Hakutambua, akapiga hatua ya pili, na soli ya mguu wa pili nayo ikabaki nyuma yake sakafuni. Zililala pale zikimeguka kama mkate mkavu, na unga mweusi ukawa umefuata nyayo zake kutoka mlangoni. Juu viatu viling'aa kama kawaida. Soksi zilikuwa zimegusa saruji.

Hakuna aliyecheka. Saini aliinuka kidogo kwenye kiti, akatazama sakafu, akatazama tairi.

"Umevivaa kwa muda gani hivyo?"

"Tangu asubuhi hii," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Nilivinunua siku niliyostaafu. Miaka kumi na miwili. Nilikuwa naviweka."

Saini alizunguka meza. Aliinama juu ya tairi, akakandamiza kucha yake, akaiacha pale kwa muda mrefu. Halafu akarudi kwenye kiti, akavuta faili, akalitafuta lile ombi la wiki nyingi zilizopita na kulitia saini. Pikipiki isitoke mpaka tairi jipya lifike, alisema, na likifika Mkunga asome kwanza zile namba nne ndipo lipokelewe. Funguo akae nazo mwenyewe. Kwa kufunga tairi kwenye chombo cha ofisi bila kutoa taarifa aliandikiwa onyo, nalo likatiwa saini pia, maana jina hakupewa bure.

Mkunga alimpa baba yake ndala za wodini, wakatoka pamoja. Mzee alitembea polepole, ngozi za viatu mkononi, akiwa ameinamisha kichwa. Walikuwa wamefika njia panda alipozungumza.

"Marehemu mama yako aliacha magauni mawili kwenye sanduku. Yako ndani ya karatasi. Hakuyavaa hata mara moja, alisema ni ya siku nzuri."

"Nayajua, baba."

"Yatoe. Uyavae kesho."

"Kesho niko kazini. Nitashinda kwenye vichochoro, kwa miguu, na matope haya."

Mzee alisimama, akamtazama binti yake kuanzia kichwani mpaka kwenye lile goti lenye bandeji.

"Basi vaa kazini," alisema.