Besi Inayokoroma

...na huu mkonga wa simu nao unavuma, unavuma tu sikioni kana kwamba umemeza nyuki, Elieth, karani wa dirishani, amemwamkia vizuri, shikamoo baba, kisha akamwonya kwamba laini ya Tabora iko hivyo tangu mvua za juzi, avumilie tu, akisikia mtu anaita haloo ndipo aongee, na yeye Nathanaeli akaingia kibanda namba mbili, akavuta mlango wa kioo, akaubana mkonga kwa bega kama anavyowaona wakubwa wa ofisini kwake wakifanya, sasa shingo inamuuma na haloo yenyewe haipo, ni mvumo tu, na nje ya kioo foleni inamkodolea macho, mama mwenye kikapu cha zabibu za Makutupora, wanafunzi wawili wa chuo cha Hombolo, mzee aliyevaa koti zito saa nne hii ya jua, wote wanamtazama kana kwamba ni yeye aliyeiharibu laini, na wangejua ametoka Chang'ombe kwa miguu kuja kusema neno moja wangemcheka, usizibe, basi, usizibe, Thobias, lile tundu la gitaa la besi liache kama lilivyo, dakika tatu alizolipia zinatosha kabisa na za kusalimiana zinabaki, ila kama amechelewa... hapana, hajachelewa, mafundi seremala wa Tabora watakuwa kama wa Dodoma, unampa kazi leo anakwambia njoo kesho mpaka unaota mvi, Mungu ajalie huyo fundi awe mvivu, awe mlevi, awe amesafiri kwenda msibani, na Mungu huyo huyo amsamehe kwa kumwombea mtu msiba kwa sababu ya kitundu kisichozidi ukubwa wa shilingi.

Barua ya Thobias ilifika jana, imekaa njiani siku kumi na moja, mwandiko wa mtu mwungwana, ndugu Nathanaeli nimekuelewa kuhusu lile tundu linalokukera, ondoa wasiwasi, kabla sijaipeleka besi stesheni nitampa fundi aliyezoea mninga alizibe, wala sitakudai kwa hilo... linalokukera, hilo neno Thobias hakulizua, alilitoa kwenye barua yake mwenyewe Nathanaeli, aliyoiandika ofisini kwa kalamu ya serikali, nimesikia besi yako ina tundu linaloifanya ikorome, kasoro hiyo si ndogo, inanikera, kwa hiyo ama uizibe au unipunguzie, ndivyo aliandika, maana ndivyo watu wanavyonunua, nyanya unaiponda kwanza ndipo unaitaka, na Thobias akijua kwamba besi hiyo ilitoka kwa mikono ya Methusela, kaka yake Nathanaeli, tumbo moja, titi moja, si angepandisha bei mpaka juu ya mwembe, ndivyo alivyojidanganya, akajiona mjanja, akalamba bahasha akaifunga, na ulimi ule ule... na hata kabla ya barua alikuwa ameshaanza, siku Wambura wa ofisini kwake aliporudi kutoka Tabora kukagua maghala, akakaa juu ya meza yake akisimulia kwamba bendi ya shirika fulani imevunjwa, shirika lenyewe limeuzwa, wanamuziki wamegawana vyombo badala ya mafao yao, na mmoja wao, huyu Thobias, ana besi yake mwenyewe ya kuchonga, bwana, kubwa kama mlango, ina kitundu ubavuni, na Nathanaeli akiwa na mhuri mkononi akauliza, inakoroma? Wambura akacheka, kumbe unaijua, na yeye akagonga mhuri, akasema hapana, siijui. Asiijue vipi. Aliuona ule mninga ukiwa gogo bado, nyuma ya nyumba ya baba kule Hombolo, mwaka ule wa themanini na tano ambapo hata sabuni ilikuwa ya foleni, nani angekuuzia besi, bendi yao ya hapa mjini ilikuwa na magitaa mawili na ngoma, besi hamna, yeye mpiga besi anapiga makofi, na Methusela akasema mdogo wangu, mimi nitakutengenezea, miezi mitano alichonga akitoka shamba, nyuzi akasuka kwa waya za klachi ya pikipiki, kipaza sauti akakitoa kwenye simu mbovu iliyotupwa, akakipachika ndani ya tumbo la besi, na mwisho kabisa akachoma tundu ubavuni kwa nondo ya moto, moshi wa mninga unanukia uwanja mzima, akalifunika kwa kile kiutando cheupe ambacho buibui wa ukutani anahifadhia mayai yake, kama baba alivyokuwa akifanya kwenye ilimba yake, marimba ile ya vidole, ambayo kila mtoto wa Kigogo amelala akiisikia, ting, ting, na chini yake ule mvumo, zzz, unaokuja baada ya sauti kama mtu anayeitikia, na wao wawili walipokuwa wadogo kazi yao ilikuwa kupapasa kuta za tembe wakitafuta hivyo viutando, Methusela juu, yeye chini, kwa sababu kilipochanika kimoja baba alikuwa haipigi tena ilimba, anaiweka kando, anasema imenyamaza, na wao wanasikia vyuma vinalia vizuri tu, wanashangaa huyu mzee anasema imenyamaza vipi... aibu, hilo ndilo jina lake, asitafute lingine, aibu inayomkaba hapa kibandani ni ile ile ya siku Methusela alipoileta besi ukumbini mwa mazoezi, ameifunga kwenye blanketi lake la kulalia, akaiunganisha kwenye spika, akampa, piga mdogo wangu, akapiga, ukumbi ukajaa sauti nene na juu yake mvumo wa ilimba ya baba, na mpiga ngoma akasema gitaa hili lina mafua, wakacheka, mwingine akasema siyo mafua, linakoroma, wakacheka zaidi, na yeye Nathanaeli, mwenye viatu vya kukopa na nywele alizochana kwa saa nzima, alicheka pia, alicheka kuliko wote, akamwambia kaka yake mbele ya watu, ziba hilo tundu kwanza, kaka, hapa mjini hatupigi ngoma za porini. Methusela alichukua blanketi akaifunga besi taratibu, kona kwa kona, kama mtu anayemfunika mtoto asiamke, akatoka nayo, na wiki ile ile akapanda nayo treni ya Tabora akaiuza, na miaka ya ruksa ilipoingia, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, Nathanaeli akanunua besi nyekundu ya Dubai, safi, haikoromi, na haikupita miaka mitatu bendi ikafa, baa zikaweka disko, besi nyekundu ikapinda shingo kwa jua la bati, yeye akaishia kugonga mihuri... na mwaka juzi Methusela amelala Hombolo, kifua kimekwisha, anakohoa mpaka kitanda kinasogea, yeye ameketi pembeni na machungwa aliyopeleka, na mgonjwa akafumbua macho akasema, "Lile tundu, Natha. Labda ningeliziba tu." Ilikuwa zamu yake kusema hapana, kaka, ulikuwa sahihi, mimi ndiye mpumbavu, maneno yalikuwepo, yalikuwa mdomoni kabisa, na alichosema ni pumzika, usiongee sana, akamenya chungwa. Jumapili wakamzika.

Haloo, Dodoma, haloo, na moyo unaruka, ni Thobias, yuko dukani kwa shemeji yake kama walivyoandikiana, sauti ya mtu mzima, ya upole, inakuja kwa mbali chini ya ule mvumo, na Nathanaeli anafungua mdomo kusema usizibe, lakini huwezi kumvamia mtu hivyo, hujui hata ameamkaje, kwa hiyo habari za Tabora, nzuri, habari za nyumbani, salama, watoto, wazima, poleni na mvua, ahsante, na kwenu huko, kwetu nzuri, na mkono wa saa ukutani kwa Elieth umeshakula dakika nzima, haya, sasa aseme, "Ndugu Thobias, kuhusu lile tundu," na Thobias anamwahi, anacheka kwa furaha, "Ndugu yangu, hilo lisikuumize kichwa. Nimeshaliziba tangu Jumamosi, kwa mninga huo huo, hata ukipitisha kidole hulijui lilipokuwa." Hulijui lilipokuwa... nje ya kioo mama wa zabibu anahamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda ule, na Nathanaeli anamtazama, hata maumivu hayajaanza, kuna kitu kimefungwa mahali fulani naye anasikia tu kimefungwa, "Umeziba," anasema, na Thobias, "Si uliandika mwenyewe?" ndiyo, aliandika mwenyewe, ni mwandiko wake, hakuna wa kumsingizia, "Niliandika," anasema, na Thobias, kwa kuwa ni mwuzaji mwaminifu asiyetaka mtu anunue mbuzi ndani ya gunia, anamwambia basi ngoja uisikie, ninayo hapa, naweka simu kwenye tumbo lake, na kunakuwa na mikwaruzo, kisha... kisha hakuna kitu, ni vidole tu, tap, tap, ngozi ya kidole juu ya waya wa klachi, maana simu haibebi sauti nene, inaiacha huko huko Tabora, kitu ambacho simu ingeweza kukibeba ni ule mvumo mwembamba na mkali, ungepenya njia yote, ungepita Manyoni ukafika hapa sikioni, na haupo, tap, tap, hiyo ndiyo besi aliyoitaka mbele ya watu, safi, haina mafua, na ghafla anaelewa alichokuwa akisema baba akiiweka ilimba kando, imenyamaza, inapigwa na imenyamaza. "Umeisikia?" Nimeisikia, anasema. Sauti ya Thobias inashuka, inakuwa ya mtu anayeungama, "Nikwambie ukweli, ndugu. Mimi niliipenda ilivyokuwa. Yule fundi aliyeichonga, siku aliyoniuzia alinionyesha namna ya kubandika ule utando, na miaka yote hii nikiuona ukutani nautoa nauweka. Alisema aliitengeneza kwa ajili ya mdogo wake, ila mdogo wake alikuwa hajaizoea bado."

Hajaizoea bado... hakusema aliikataa, hakusema alinicheka mbele ya watu, kwa mgeni kabisa, amebeba blanketi mkononi, hajala tangu Dodoma, amekwenda kumsitiri, mdogo wangu hajaizoea, bado, kana kwamba ni suala la wiki mbili tatu tu, na machozi yanakuja hapa mchana kweupe mbele ya foleni nzima naye anayaacha, anaushika mkonga kwa mikono miwili, bei na ujanja vyote vimemtoka, anasema, "Thobias, mdogo wake ni mimi," na Elieth keshasema dakika tatu baba, na laini imekatika, imekatika kabla au baada hajui, anasema tena, "Mdogo wake ni mimi, Thobias, huyo fundi ni kaka yangu," na hakuna haloo, hakuna Tabora, kuna mvumo tu, ule ule aliouchukia alipoingia, zzz, mwembamba, hauna haraka, na ataandika barua leo, ataanza na jina la Methusela kabla ya salamu, besi ataichukua hivyo hivyo ilivyozibwa, nondo ipo, moto upo, kuta za Hombolo bado zina buibui, lakini hayo ni ya baadaye na pengine hataweza, mkono wake si ule mkono, mama wa zabibu anagonga kioo kwa funguo, baba, wengine nao tuna shida zetu, na yeye anainua kidole, dakika moja, mama, samahani, anageuzia foleni mgongo, anaubana mkonga sikioni kwa nguvu, pale pale unapovuma, anasema nimeizoea, kaka, anasema taratibu, kwa sababu ukipiga kelele huusikii, na anaendelea kusikiliza.