Tulipopita Tano

Nilipofika tano msichana alikuwa bado sakafuni, na mimi nikapiga sita.

Ukumbi mzima ukanifuata. Watu elfu mbili na ushei, kuanzia waliokalia mabenchi ya mbele hadi wale waliojibana kwenye milango, wakapaza sauti moja: sita! Mkono wangu wa kushoto ulishika mfuniko wa sufuria kubwa ya jikoni, wa kulia ulishika mwiko, na jasho lilinitiririka hadi viwikoni. Muuguzi wa timu alikuwa anakuja mbio na mkoba wake kutoka upande wa pili wa uwanja. Mpishi mkuu, aliyekaa kando yangu, alinishika mkono wenye mwiko akasema, "Acha kwanza." Nilimsikia. Hilo naliweka wazi mapema, kabla sijaanza kujitetea: nilimsikia vizuri, nikauchomoa mkono wangu, nikapiga saba.

Imepita miaka kumi na saba. Wakati huo nilikuwa mpishi wa chuo, na si mpishi wa kupigwa picha na kofia nyeupe ndefu. Nilikuwa mpishi wa kumenya viazi magunia mawili kabla ya chai ya asubuhi, na mikono yangu ilinuka vitunguu hata siku za harusi. Jikoni kwetu palikuwa na sheria moja iliyozishinda zote zilizobandikwa ukutani. Kitu kikianguka, kila mtu anaacha alichokishika, na wote tunahesabu kwa sauti. Aliyekiangusha awe amekiokota kabla hatujafika tano. Akichelewa, masufuria ya siku nzima ni yake.

Sheria hiyo aliileta mpishi mkuu, mzee mwembamba aliyeiogopa sakafu yenye uchafu kuliko alivyomwogopa mkuu wa chuo. Zamani aliwahi kumwona mwenzake akiteleza kwenye ganda la karoti, amebeba maji ya moto. Kwake hesabu haikuwa mchezo hata kidogo. Sisi ndio tulioigeuza mchezo, tukawa tunaangusha vijiko makusudi ili tupate cha kuchekea.

Msichana yule, tuliyemwita Mlingoti kwa urefu wake, alikuja mwaka wa kwanza, na siku ya kwanza alilazimika kuinama karibu nusu ya mwili ili anione kwenye dirisha la kugawia chakula. Akalitazama yai kwenye sahani yake.

"Shangazi, hili ni la nani?"

"La kwako."

"Na la miguu?"

Nilicheka hadi foleni ikanung'unika. Tangu siku hiyo, kila baada ya mazoezi alipitia mlango wa nyuma, akakalia kreti la viazi lililopinduliwa, akala mayai yake matatu ya kuchemsha huku magoti yakimfika karibu na kidevu. Mimi nilijaliwa wavulana watupu. Sikujua kwamba binti anaweza kukaa jikoni kwako akazungumza saa nzima, usichoke kumsikiliza. Alinieleza habari za mama yake, fundi cherehani, ambaye kila mwaka aliongezea sketi yake ya shule kipande cha kitambaa cha rangi nyingine, mpaka ikafika mahali sketi yenyewe ndiyo ikawa kiraka. Alinieleza pia kwamba chuoni alichukuliwa kwa sababu ya mpira wa kikapu. Asipocheza, nafasi yake ni ya mwingine. Alilisema jambo hilo huku akimenya yai, bila kunitazama.

Siku moja aliangusha sahani pale pale jikoni, tukamhesabia. Aliiokota tukiwa kwenye mbili. "Mikono hii," akasema, "haihitaji hata kuinama."

Kwa hiyo alipoanguka uwanjani kwa mara ya kwanza, mechi ya tatu ya mwaka wake wa kwanza, alikuwa anaijua hesabu yetu. Mashabiki walinyamaza kwa hofu. Mimi nilikuwa nimetoka jikoni moja kwa moja na mfuniko wa kushangilia, na sijui nini kilinituma, nikaupiga, nikapaza sauti, "Moja!" Mpishi mkuu akaitikia mbili. Msichana akageuza shingo pale chini, akatuona, akaangua kicheko, na kwenye tatu alikuwa wima. Mechi iliyofuata wanafunzi wote walihesabu. Mwaka wa pili walichapisha fulana zenye tano kubwa kifuani. Watu waliokuwa hawajui mpira unachezwa na wangapi walikuja ukumbini ili tu wamhesabie Mlingoti, na walikuwapo walioapa kwamba anaanguka kwa makusudi. Hakuwahi kuvuka nne.

Na mimi, mmenya viazi, nilivimba kichwa. Nitasema nini tena? Nikisimama, ukumbi unatulia kunisubiri. Wake wa wakuu wa idara walikuwa wananipungia mkono. Mume wangu alisema siku hizi hata nyumbani nagonga meza kabla ya kuzungumza, na alikuwa haongopi.

Halafu ikaja nusu fainali ya mwaka wake wa tatu. Chuo chetu kilikuwa hakijawahi kuifikia fainali tangu kijengwe. Zilibaki dakika nne na tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Mpira uligonga ubao, ukarudi, na wawili wakaurukia: Mlingoti wetu na binti wa upande wa pili, jezi namba kumi na nne. Mwenzake alitua salama. Mlingoti alitua kwa mguu mmoja, na goti likaenda ndani, kule ambako goti haliendi.

Mimi nilikuwa safu ya tatu. Niliona. Hakupiga kelele, aliweka viganja sakafuni akavitazama, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Yeyote aliyelea mtoto angejua kwamba hiyo si sura ya kuhesabiwa. Lakini vichwa elfu mbili vilikwisha kunigeukia, fainali ilikuwa pale pale karibu, na mkono wangu ulikwisha kuzoea. Nikapiga moja.

Hadi tano bado ilikuwa furaha. Tulipopita tano sauti ilibadilika, ikawa nzito, ikawa ya kumsukuma. Saba. Akainua kichwa, akatafuta mlio unakotoka, akaniona. Nilikuwa namtazama machoni nilipopiga nane, na kwenye nane akasimama.

Paa lilikuwa karibu ling'oke. Watu wasiojuana walikumbatiana. Muuguzi alifika, akamshika kiwiko, naye akauchomoa mkono kama nilivyouchomoa mimi wangu, akapiga hatua moja kuelekea mpira, kisha ya pili. Ya tatu mguu haukuwepo. Safari hii alilia, na kilio chake kilifika hadi kwa waliokuwa milangoni, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyetoa sauti. Mfuniko uliniponyoka, ukagonga benchi, ukazunguka zunguka chini ya miguu ya watu mpaka ukatulia wenyewe.

Mechi tulipoteza. Wiki iliyofuata chuo kizima kilikuwa msibani. Wasichana walifunga vitambaa vyeupe magotini wakaenda navyo darasani. Mlango wa hospitali ulijaa maua na kadi zenye tano kubwa, na vijana wenye ndevu walilia hadharani bila aibu. Nao walikuwa wanampenda, sitaki nionekane nawadharau. Lakini uchungu ule ulitaka mtu wa kuubeba, na wakampata: namba kumi na nne. Picha yake ikasambazwa kwenye simu. Akaitwa mchawi, akaitwa muuaji, akaandikiwa maneno ambayo siwezi kuyarudia. Wengine walikwenda hadi kwenye geti la chuo chake kumzomea. Kitinda mimba wangu alinionyesha video ya mechi ile mara nyingi, na kila mara niliona jambo lile lile, kwamba yule binti hakumgusa hata kidogo. Kosa lake lilikuwa kutua salama.

Hakuna hata mmoja aliyeulaumu mfuniko. Na mimi, niliyeweza kuutuliza ukumbi kwa kusimama tu, sikusimama. Sikuandika hata neno moja la kumtetea mtoto wa watu.

Jumatano muuguzi alipita jikoni kunywa chai. Alizungumza na mpishi mkuu huku akikoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

"Alipoanguka mara ya kwanza, kano ilichanika kidogo tu," alisema. "Miezi kadhaa, mazoezi, angerudi. Ni zile hatua mbili, mzee. Zile ndizo zilizomaliza kila kitu."

Hakunitazama, na mpaka leo sijui kama aliona haya kwa ajili yangu au alikuwa hajui. Alipotoka, mmoja wetu aliangusha kijiko. Kilipiga kelele nyingi kwa kijiko. Tukasimama wote, na hakuna aliyehesabu. Mpishi mkuu aliinama mwenyewe, polepole, akakiokota, akakiosha, kisha akautundika mfuniko wangu kwenye msumari wa juu kabisa.

Jumamosi nilijikaza nikaenda hospitali na mayai matatu ndani ya leso. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nitasema: mwanangu, ni mimi. Nitasema: niliambiwa niache nikakataa. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, anafumua mshono wa suruali ili mguu wenye plasta upate kupita. Alinipa kiti chake, akaniita dada, akanishukuru kwa kumlisha mwanawe. Nikaketi na maneno yangu.

Mlingoti alikuwa amelazwa kitanda kifupi, miguu imetokeza nje. Akatabasamu.

"Shangazi, nilifika ngapi?"

"Nane."

"Lo." Akatazama dari. "Nilichelewa. Nisamehe, Shangazi. Nilikusikia tangu moja."

Mama mtu aliendelea kufumua. Nikasikia sauti yangu, ile ile ya dirishani, ikisema, "Usijali, mwanangu. Yamekwisha." Nilikwenda kuomba msamaha, nikarudi nyumbani nimeutoa. Mayai niliyasahau mapajani. Niliyakuta nimeyaponda nilipofika kituo cha basi.

Mwaka haukuisha akaondoka chuoni. Siku ya kuaga alipitia mlango wa nyuma kama zamani, nikasikia magongo yake kwenye saruji kabla sijamwona. Nilikuwa stoo. Nikamsikia akiuliza, "Shangazi yupo?" Kisha mpishi mkuu, mtu ambaye katika miaka yote niliyofanya naye kazi hakuwahi kudanganya hata kuhusu chumvi, akamjibu, "Ametoka kidogo." Nilisimama katikati ya magunia ya vitunguu, mkono mdomoni, mpaka magongo yakaacha kusikika. Kati ya yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Nimestaafu sasa. Nina mjukuu wa kike wa miaka minane, mrefu kuliko umri wake, na mwezi uliopita mwanangu aliniomba nikamchukue mazoezini Jumamosi, kwenye uwanja wa shule. Kuna mwalimu mzuri, alisema, anawafundisha wasichana wadogo mpira wa kikapu. Nilifika mapema, nikasimama nje ya uzio wa waya. Mwalimu alikuwa amenipa mgongo. Nilimjua kwa mgongo, halafu kwa mguu, ambao alikuwa anauzungusha akitembea badala ya kuukunja.

Mtoto mmoja akaanguka. Mwenzake, sijui aliyasikia kwa mzazi gani, akapiga makofi akaita, "Moja! Mbi..."

"Hapa hatuhesabu," mwalimu akasema.

Hakukasirika. Alimwendea yule mtoto, akaweka kiganja sakafuni, akakunja mguu mzima, akaunyoosha ule mbovu, akateremka kwa mafungu mafungu mpaka akaketi kando yake. Wengine wakaja wakaketi pia. "Panauma wapi?" Mtoto akaonyesha. "Basi tukae," akasema. Nao wakakaa, mpira umetulia katikati yao, mpaka mtoto mwenyewe akaanza kuchoka kukaa.

Hapo mjukuu wangu aliniona. "Mwalimu, yule ni bibi yangu!"

Akageuka. Nimezeeka, nimepungua, nilidhani nimekwisha kupotea machoni pake. Alinitazama, kisha uso wake wote ukafunguka.

"Shangazi!"

Na kwa adabu ile ile aliyofunzwa na mama yake, akaweka kiganja chini, akaanza kujiinua aje kunisalimu. Goti likatetemeka. Nikasikia moja ikinipanda kooni yenyewe, baada ya miaka yote hiyo, kama vile mfuniko bado uko mkononi.

"Kaa!" nikapiga kelele, sauti ikapasuka, watoto wakashtuka. "Kaa hapo hapo, mwanangu. Usiinuke. Nakuja mimi."

Alisita pale katikati, si juu si chini, akinitazama. Kisha taratibu akajirudisha sakafuni, akawaambia watoto wasogee kidogo, wapishe nafasi ya mtu mmoja kukaa. Nami nikaanza kutafuta mlango wa uzio ule.