Sindano ya Mwisho ya Masama

Agosti ile chanjo ya korona ilipofika zahanati yetu ya Masama, lilikuja boksi moja dogo, hata kifaranga asingelala humo. Tulipanga foleni mimi na Godwin, mtoto wa baba mkubwa. Wote wawili kazi yetu ni kupandisha wageni mlimani. Mimi nilikuwa mbele yake, nikamwambia, "Tangulia, kaka. Ukianguka, mimi niko karibu na mlango."

Hakuanguka. Alichomwa, nesi akachungulia ndani ya boksi, akasema hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Boksi la pili lilichukua wiki sita. Kabla halijafika, wageni wanane wa Ulaya, wa safari ya Desemba, walishaandika kwamba wanataka kiongozi aliyechanjwa. Bosi wetu, Mama Dominika, akampa Godwin. Kiongozi mkuu, mara yake ya kwanza. Mimi nafasi hiyo nimeisubiri miaka saba, mwenzangu kaipata kwa kukunja mkono wa shati.

Nilichoka kumtazama. Cheti alikitia plastiki. Kanisani alikaa bega la chanjo likitazama watu. Mama yangu, Eunike, kila akimwona anasema, "Godwin kanawiri," na mimi nimeketi hapo hapo, nami nimeshachanjwa, sijanawiri.

Mwisho wa Novemba redio ikatangaza aina mpya ya kirusi, imeonekana kusini mwa Afrika. Asubuhi yake nikampigia bosi.

"Shikamoo, Mama. Sipendi kusema, lakini Godwin anakohoa."

"Anakohoa?"

"Sana tu."

Alikuwa amekohoa mara moja, jikoni kwao, kwa moshi wa kuni mbichi.

Safari nikapewa mimi. Nilitembea kifua mbele siku tatu. Ya nne wageni wakaahirisha: nchi yao imezuia ndege kutoka kusini mwa Afrika, nao wametuhesabu humo humo, ingawa kirusi chenyewe kimeshakutwa huko huko kwao. Mmoja akaongeza kwamba anasikitika, na kwamba mkono unamuuma, jana kachomwa ya tatu.

Siku hiyo hiyo Godwin alimpelekea Mama Dominika majibu ya kipimo. Hana kitu. Akaambiwa aliyesema ni nani.

Mama yangu aliposikia hakunigombeza. Alikwenda mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, akachuma jani la isale, akalipiga fundo, akanipa. Kwetu ukimpelekea mtu isale umekiri kosa, na yeye haruhusiwi kukunyima msamaha.

Nikamkuta Godwin anakata majani ya ng'ombe. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Safari yenyewe imekufa," nikasema.

"Imekufa kwa wote. Yangu uliiua wewe kwanza."

Akakata fungu jingine, jani langu hajaligusa.

"Yule mzungu kachomwa tatu," akasema. "Huku tuligombania boksi moja, na bado tunaofungiwa mlango ni sisi. Yeye hukumwonea wivu. Umenionea mimi, wa sindano moja."

"Yule simjui, kaka. Wewe tumekua pamoja."

Akacheka bila kutaka. Akapokea jani, akalichomeka mfukoni mwa shati.

"Nimekusamehe. Beba huo mzigo."

Nikajitwisha majani hadi zizini, yeye yuko mbele mikono mitupu, anasalimia majirani. Hata kwa kusamehe kanishinda, na njia nzima nilimwonea wivu kwa hilo.